Waajiri, msikilizeni mfanyakazi kabla ya kuandika barua

Mhariri,

Kuna kosa moja ambalo waajiri wengi nchini Kenya hulirudia kila wanapokumbana na jambo zito kazini, liwe lalamiko la unyanyasaji wa kingono, pesa zilizopotea, mfanyakazi aliyeugua kwa muda mrefu au msichana wa kazi aliyeshika mimba. Huona aibu, huogopa habari zisienee, kwa hivyo hutaka yaishe upesi. Mfanyakazi huitwa Ijumaa jioni, hupewa barua ya Kiingereza yenye mistari mitatu, akaambiwa arudishe sare na funguo. Mwajiri huenda nyumbani akiamini amelimaliza, kumbe hapo ndipo amejitengenezea kesi, hata kama sababu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli.

Sheria ya Ajira ya 2007 hutazama mambo mawili, na yote mawili lazima yawepo: sababu halali na ya haki, na utaratibu wa haki. Likikosekana moja, kuachishwa huko si kwa haki, na mahakama yaweza kumwamuru mwajiri alipe fidia ya hadi mishahara ya jumla ya miezi 12, mbali na notisi na siku za likizo ambazo hazikulipwa. Nasisitiza utaratibu kwa sababu ndio unaowaangusha wengi. Karani aliyeiba kweli anaweza kushinda kesi kwa sababu hakuna aliyemuuliza neno kabla ya kumfukuza.

Utaratibu wenyewe uko katika kifungu cha 41. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendakazi duni au kutojiweza kimwili, mwajiri lazima amweleze sababu anayoifikiria, katika lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo kazini, aliyemchagua yeye mwenyewe. Kisha mwajiri asikilize na kuyapima majibu ya wote wawili. Sharti la kusikiliza lipo hata kwa makosa ya kifungu cha 44 yanayoruhusu mtu kufutwa papo hapo, kama vile kulewa kazini, kutukana, au kushukiwa kwa sababu za msingi kuwa amemwibia mwajiri. Hapa ndipo watu huteleza. "Papo hapo" maana yake ni bila notisi, au kwa notisi fupi kuliko ile ya mkataba. Haimaanishi bila kusikilizwa.

Tusimame kidogo kwenye maneno "lugha anayoielewa". Dereva wa lori, mpishi wa hoteli, mlinzi wa usiku na mchuna majani chai hupewa barua za Kiingereza cha mawakili, kisha hutakiwa kujibu kwa Kiingereza hicho hicho. Wengi hutia sahihi bila kujua walichokubali. Sheria haikusema Kiingereza. Iwapo mtu anaelewa Kiswahili, barua na kikao viwe vya Kiswahili. Iwapo anaelewa zaidi Kikamba au Kiluo, atafutwe wa kumtafsiria, na jina la mtafsiri liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Naona jambo hili dogo lina uzito kuliko fomu zote ambazo kampuni hununua kwa washauri.

Barua ya kumtaka mtu ajieleze isiwe fumbo. Ukiandika "Umekuwa ukionyesha tabia isiyofaa na kuitia kampuni hasara, eleza kwa nini usichukuliwe hatua", mfanyakazi hawezi kujibu kwa sababu hujasema alifanya nini. Linganisha na hii: "Jumanne tarehe 4 Machi, kuanzia saa mbili hadi saa saba mchana, ulikuwa zamu katika kaunta nambari 2. Hesabu ya kufunga zamu ilionyesha upungufu wa Sh18,400. Risiti tatu zilizofutwa katika mashine kwa kutumia nambari yako ya siri zimeambatishwa hapa. Tunaomba maelezo yako kufikia Ijumaa tarehe 7, saa kumi jioni. Unaweza kuyaandika kwa Kiswahili, au kuja kuyatoa kwa mdomo, nasi tuyaandike mbele yako. Hatujafanya uamuzi wowote." Sentensi hiyo ya mwisho iwe ya kweli. Ikiwa barua ya kumfuta tayari imechapishwa na iko katika droo ya meneja, kikao kitakachofuata ni maigizo tu, na mahakama hutambua hivyo kwa kulinganisha tarehe.

Sheria haitaji idadi ya siku za kujibu. Saa 48 hadi 72 hutosha kwa jambo jepesi, lakini shtaka lenye vitabu vya hesabu vya miezi sita linahitaji zaidi, na mfanyakazi aruhusiwe kuviona vitabu hivyo. Ukimpa barua saa nne asubuhi na kumkalisha mbele ya kamati saa sita, usitarajie hakimu akubali kwamba alipewa nafasi ya kujitetea.

Kuhusu kumsimamisha kazi mtu anayechunguzwa, Sheria ya Ajira haikulipangia kifungu chake maalumu. Uwezo huo hutoka katika mkataba, mwongozo wa wafanyakazi, au makubaliano ya pamoja na chama. Kama hati hizo hazisemi lolote kuhusu nusu mshahara, mlipe mshahara mzima. Mweleze kwa maandishi kwamba hajaadhibiwa, mpe tarehe ya kurudi au ya kikao, na uiheshimu tarehe hiyo. Kumwacha mtu nyumbani miezi minne bila neno, huku mshahara umezuiwa, ni adhabu iliyotolewa kabla ya hukumu.

Sasa nije kwa unyanyasaji wa kingono, ambako haraka na aibu huharibu zaidi. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinauelezea kwa upana: kumtaka mtu kingono kwa ahadi ya kupandishwa cheo au kwa kitisho cha kupoteza kazi, maneno ya kingono ya mdomo au ya kuandikwa, picha, na vitendo vya mwilini asivyovitaka. Anayefanya anaweza kuwa mwajiri, mwakilishi wake, au mfanyakazi mwenza. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima, baada ya kushauriana nao au na wawakilishi wao, atoe sera inayoeleza unyanyasaji ni nini, lalamiko lipelekwe kwa nani, na hatua zipi za nidhamu zitachukuliwa. Sera hiyo imfikie kila mtu. Kuifungia katika kabati ya meneja si kuitoa. Tena isimtaje afisa mmoja tu wa kupokea malalamiko, kwa maana huenda huyo ndiye anayelalamikiwa. Waandikwe wawili, na angalau mmoja awe mwanamke.

Siku lalamiko linapofika, kazi ya kwanza ni kuandika. Andika maneno ya mlalamishi kama alivyoyasema, na tarehe, mahali, waliokuwepo, kisha asome au asomewe na atie sahihi. Usimuulize kwa nini alikawia kusema; kukawia kwa mtu anayemwogopa msimamizi wake hakuthibitishi uongo. Usimwombe akae chini na mwenzake "wayamalize kama watu wazima". Usianze pia kwa kumwahidi kwamba hakuna atakayejua, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Sheria yenyewe inasema jina la mlalamishi na yaliyotokea havitafichuliwa, isipokuwa pale inapohitajika kwa uchunguzi au kwa hatua za nidhamu. Mwambie hivyo waziwazi: watakaojua ni mimi, anayechunguza, anayelalamikiwa na watakaosikiliza.

Ushahidi hupotea haraka kuliko waajiri wanavyodhani. Mitambo mingi ya kamera za CCTV hujifuta yenyewe baada ya wiki chache na kurekodi juu ya picha za zamani, kwa hivyo nakala itolewe siku hiyo hiyo. Jumbe za WhatsApp zipigwe picha za skrini zinazoonyesha nambari, tarehe na saa, pamoja na jumbe zilizotangulia na zilizofuata, kisha simu yenyewe ihifadhiwe bila kufutwa kitu. Aliyezitoa picha hizo kwenye simu au kompyuta ajulikane, kwani kesi ikifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi katika kifungu cha 106B hutaka cheti cha kueleza ushahidi wa kielektroniki ulivyotolewa na kwa kifaa gani. Na zisisambazwe katika kundi la mameneja. Huo ni unyanyasaji wa mara ya pili.

Kisha watenganishe mlalamishi na anayelalamikiwa. Kosa la kawaida ni kumhamisha mlalamishi: anapelekwa tawi la mbali, au zamu ya usiku, au anaambiwa apumzike nyumbani bila malipo "kwa usalama wake". Wenzake wakiona hivyo, hakuna atakayelalamika tena miaka mitano ijayo. Anayelalamikiwa ndiye aondolewe karibu, kwa kumbadilishia msimamizi, ofisi au zamu, au kwa kumsimamisha kwa muda na mshahara wake. Sheria haikubali kumwadhibu mtu kwa sababu alilalamika, isipokuwa ithibitike kwamba lalamiko lilikuwa la kutojali na lisilo na msingi. Kushindwa tu kulithibitisha hakulifanyi kuwa uongo.

Hata hivyo, anayelaumiwa naye ana haki zake, na nalisema hili nikijua kwamba wengine hawatalipenda. Hauwezi kumfuta mtu kwa barua isiyo na jina la aliyeiandika wala tarehe ya tukio. Lazima ajue anadaiwa kumfanyia nani, nini, wapi na lini. Anayechunguza asiwe miongoni mwa watakaoamua. Na pale bosi mkuu au shemeji ya mwenye kampuni ndiye anayelalamikiwa, atafutwe mtu wa nje kabisa, kwa sababu hakuna mfanyakazi wa ndani atakayeandika ripoti ya kweli kumhusu. Katika kikao, si lazima mlalamishi akae uso kwa uso na mtu anayemwogopa. Maswali yanaweza kuandikwa na kuulizwa kupitia mwenyekiti, kila mmoja akiwa katika chumba chake. La muhimu ni maswali yaulizwe na majibu yaandikwe.

Kumbukumbu za kikao zionyeshe nani alikuwepo, kikao kilianza na kuisha saa ngapi, mfanyakazi alikuja na nani, na kama alikuja peke yake, kwamba aliambiwa haki yake akaikataa. Uamuzi usitangazwe dakika ile kikao kinapoisha. Kamati ikae, iyapime majibu, na barua iseme kwa nini utetezi haukukubaliwa. Mlalamishi naye aambiwe matokeo. Mara nyingi husahauliwa kabisa, akaja kujua kwa uvumi wa jikoni. Na kama kilichotokea ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, asaidiwe kwenda polisi akitaka. Mwajiri haruhusiwi kumzuia kwa kisingizio cha jina la kampuni.

Wizi una mitego yake. Wapo waajiri wanaodhani wakishamwita polisi, kazi yao imeisha. La, sivyo. Kesi ya jinai na nidhamu ya kazini ni njia mbili tofauti. Jinai huhitaji ushahidi usioacha shaka ya msingi, ilhali kazini hutosha mwajiri kuwa na sababu za msingi alizoziamini kwa dhati wakati ule alipokuwa akiamua. Ndiyo maana mfanyakazi anaweza kuachiliwa na hakimu na bado kuachishwa kwake kukawa halali, na pia anaweza kushtakiwa mahakamani na bado kuachishwa kwake kukawa kinyume cha haki kwa sababu hakusikilizwa. Angalia pia maneno "wakati ule". Sababu uliyoigundua miezi mitatu baada ya kumfuta haiwezi kuiokoa barua ya zamani.

Kukata mshahara ili kufidia hasara kuna mipaka. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu kiasi cha kadiri kwa mali iliyoharibiwa kwa makusudi, na kwa pesa zilizopungua kutokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kutunza na kulipa pesa. Mlinzi au mwosha vyombo ambaye mkataba wake hautaji pesa huwezi kumkata kwa upungufu wa kaunta. Na makato yote yakijumlishwa, pamoja na ya mkopo wa chama cha akiba, yasizidi thuluthi mbili za mshahara.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa tuliache kabisa: tangazo la gazeti lenye picha ya mtu, "Umma unaarifiwa kwamba huyu si mfanyakazi wetu tena". Lengo la kuwakinga wateja linaweza kutimizwa kwa kuwapigia simu au kuwaandikia wale aliokuwa akiwahudumia. Picha ya uso wake mbele ya nchi nzima, kwa mtu ambaye hajahukumiwa na yeyote, humletea mwajiri madai ya kuchafuliwa jina na ya kuvunjiwa heshima na faragha, ambazo Katiba inazilinda.

Kwa mgonjwa, barua ya nidhamu si mahali pa kuanzia. Sheria ya Ajira inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Makubaliano mengi ya pamoja hutoa zaidi. Siku hizo zikiisha haimaanishi kazi imeisha. Muulize hali yake kwa maandishi, na kwa idhini yake omba ripoti ya daktari inayojibu maswali mawili tu: anaweza kufanya kazi ipi, na anatarajiwa kupona lini. Jina la ugonjwa mara nyingi huna haja nalo. Tazama kama kuna kazi nyepesi, saa fupi, au zamu nyingine. Ukishindwa, bado kuna kikao cha kifungu cha 41. Hayo yote ni sawa kwa mtu mwenye msongo au ugonjwa wa akili, ambaye waajiri hukimbilia kumwita mtoro. Ripoti yake ikae chini ya kufuli, kwani habari za afya ni data nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kumlazimisha mtu kupimwa virusi vya UKIMWI ili aajiriwe kumekatazwa na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2006.

Mimba haina mjadala. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili. Akirudi anarudi kwenye kazi yake, au kazi inayomfaa isiyo na masharti duni kuliko ya awali, na siku zake za likizo ya mwaka haziliwi. Kumwachisha mtu kwa mimba au kwa sababu inayohusiana nayo hakuwezi kuwa halali, awe mhasibu au yaya. Baba ana wiki mbili. Kumtaka msichana anayeomba kazi alete cheti cha kipimo cha mimba ni ubaguzi uliokatazwa hata kabla hajaajiriwa.

Wanaojificha nyuma ya muda wa majaribio pia wajue kwamba ukuta huo umebomoka. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba waliamua kwamba sehemu ya kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira iliyomnyima mfanyakazi wa majaribio haki ya kusikilizwa inakwenda kinyume na Katiba. Wala kumshinikiza mtu aandike barua ya kujiuzulu hakusaidii. Mahakama hutazama kilichomsukuma kuiandika.

Anapoondoka, mlipe kila alichofanyia kazi hadi siku hiyo, hata kama amefutwa papo hapo. Mpe cheti cha huduma chenye majina, tarehe alizoanza na kuacha, aina ya kazi na mahali. Si lazima umsifu ndani yake, lakini kumnyima ni kosa linaloweza kukutoza faini ya hadi Sh100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Weka faili lake, kwani ana miaka mitatu ya kudai, na hati ya masharti ya kazi hutakiwa kuhifadhiwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Hata wasiolipwa zaidi ya Sh80,000 kwa mwezi sasa wanaweza kupeleka madai yao kwa mahakimu walioteuliwa, karibu na nyumbani.

Mwenye duka au mwenye nyumba asiseme haya ni ya kampuni kubwa. Daftari la shule la kurasa 32 linamtosha: tarehe, jambo lenyewe, maneno ya mwajiri, maneno ya mfanyakazi, jina la aliyekaa naye, na sahihi za wote watatu mwisho wa ukurasa.

Wakili wa masuala ya ajira,
Mombasa